Nafasi kwa familia isiyo na gari: uchambuzi wa jioni ya michezo katika uwanja wa magari wa maktaba ya umma

Kisa hiki kinahusu maktaba ya umma katika mji wa ukubwa wa kati, eneo la Magharibi ya Kati nchini Marekani, ambayo mwezi Agosti 2020 iliandaa jioni ya michezo ya kifamilia katika uwanja wake wa kuegesha magari, kila familia ikicheza ikiwa ndani ya gari lake. Majina ya mji, maktaba na wahusika yameondolewa, na mambo madogo yanayoweza kuwatambulisha yamebadilishwa. Kinaandikwa kwa ajili ya wakutubi, walimu na viongozi wa jumuiya za Waswahili walioko ughaibuni, kwa sababu familia zinazozungumza Kiswahili zilikuwa sehemu kubwa ya walengwa wa jioni hiyo, na mpango wenyewe, kama ulivyoandikwa mara ya kwanza, ulikuwa umeziacha nje bila mtu yeyote kukusudia.

Usuli

Shirika la Afya Duniani lilitangaza UVIKO-19 kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020, na siku sita baadaye Chama cha Maktaba cha Marekani kikapendekeza maktaba zifungwe kwa umma. Maktaba ya kisa hiki ilifunga milango wiki hiyohiyo. Kabla ya hapo, Jumamosi mchana ukumbi wake wa watoto ulikuwa ukijaa wachezaji wa drafti, dhumna, karata na michezo mingine ya mezani, na wengi wao walikuwa watoto wa familia za Kikongo zilizopelekwa mjini hapo kupitia mpango wa kuwapa wakimbizi makazi mapya, baada ya kuishi miaka mingi katika kambi za Nyarugusu nchini Tanzania, Nakivale nchini Uganda au Gihembe nchini Rwanda. Wazazi wao huzungumza Kiswahili, wengine pamoja na Kibembe, Kifuliiru au Kinyarwanda, ilhali watoto wameshazoea Kiingereza cha shuleni.

Milango ilipofungwa, uwanja wa magari ndio uliogeuka kuwa maktaba. Vitabu vilivyoagizwa kwa simu vilikabidhiwa dirishani, na mtandao wa waifai uliachwa wazi usiku na mchana, jambo ambalo Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ilikuwa imelifafanua mwezi Machi kwamba linaruhusiwa hata kwa maktaba zinazolipiwa sehemu ya gharama za intaneti na mfuko wa shirikisho. Wahudumu wa dirishani waliona kila jioni watoto wakifanya kazi za shule ndani ya magari huku mzazi akisubiri kwenye usukani. Waliona pia watoto wengine wameketi chini kwenye ukingo wa lami, daftari magotini, kwa sababu kwao hakukuwa na gari. Taarifa hiyo ya pili ilikuwepo tangu Aprili, lakini haikufika kwenye meza ya waliopanga michezo.

Wazo na zana zake

Mwezi Juni idara ya watoto ilipendekeza kuazima utaratibu wa sinema za ndani ya magari. Sinema hizo zilianza New Jersey mwaka 1933, na tatizo lake kubwa tangu mwanzo lilikuwa sauti: kwanza vilitumika vipaza sauti vikubwa vilivyosumbua majirani, kisha spika ndogo iliyotundikwa kwenye dirisha la kila gari, na hatimaye redio ya gari lenyewe kupitia mawimbi ya FM. Maktaba iliona kwamba njia hiyo ya mwisho ingeiwezesha kufikisha sauti ya mwendesha michezo kwa kila familia bila mtu kushuka garini.

Sheria za Marekani zinaruhusu kurusha mawimbi ya FM bila leseni mradi nguvu yake isizidi mikrovolti 250 kwa mita, ikipimwa mita 3 kutoka kwenye kifaa. Kwa vitendo, huo ni usikivu wa takriban mita 60. Vipo vifaa vya bei nafuu vinavyouzwa mtandaoni ambavyo huvuka kiwango hicho na kuingilia vituo halali, kwa hiyo maktaba ilichagua vilivyoidhinishwa ingawa vilikuwa na nguvu kidogo. Uchaguzi huo ulikuwa na matokeo yake. Kifaa kilipojaribiwa kikiwa ndani ya jengo, safu ya nyuma haikusikia kitu ila mkwaruzo. Kilipowekwa juu ya meza katikati ya uwanja, chini ya hema, safu zote zilisikia. Masafa yalitafutwa kwa kuketi ndani ya gari na kusikiliza kila namba, kwa kuwa vituo vya FM vya Marekani hukaa kwenye desimali witiri, kuanzia 88.1 hadi 107.9, na nafasi iliyo tupu asubuhi inaweza kujaa kituo cha mbali ifikapo jioni. Jaribio lilifanywa saa ileile ambayo michezo ingefanyika.

Masafa mawili yalitengwa: moja la Kiingereza, moja la Kiswahili. Uamuzi huo ulitokana na ombi la mkalimani wa jumuiya, binti aliyekulia kambini magharibi mwa Tanzania, ambaye alieleza kwamba mzazi asiyefuata mchezo huishia kuwa dereva tu wa watoto wake.

Maamuzi kabla ya siku yenyewe

Mchezo mkuu ulikuwa bingo. Kadi ya bingo ya Kimarekani ina miraba 25, wa katikati ukiwa wa bure, na namba 24 zilizobaki hutoka kati ya 1 na 75, kila safu wima ikiwa na kundi lake la namba kumi na tano. Ni mchezo ambao mtoto wa miaka mitano na bibi yake wanaweza kuucheza kwa haki sawa. Hata hivyo ni mchezo wa bahati, na katika sheria za Marekani bahati nasibu huhesabika pale zawadi, bahati na malipo ya kushiriki vinapokutana. Maktaba iliondoa malipo kabisa, ikafanya zawadi kuwa vitabu vipya, na kwa kuwa kila jimbo lina kanuni zake kuhusu bingo, ikaomba ushauri wa maandishi kutoka kwa mwanasheria wa mji. Nasisitiza neno «maandishi», kwa sababu barua hiyo ndiyo iliyoituliza bodi ya maktaba pale mjumbe mmoja alipouliza kama taasisi ya umma inaendesha kamari.

Kadi, kalamu za rangi na karatasi ya maelekezo viliwekwa katika bahasha moja kwa kila familia, na hakuna kilichopaswa kurudishwa. Matokeo ya kwanza ya utafiti wa kitaifa kuhusu vifaa vya maktaba, yaliyotoka Juni 2020, yalionyesha kwamba baada ya siku tatu virusi havikuonekana tena kwenye vifaa vitano vilivyopimwa, vikiwemo majalada ya vitabu, na maktaba tayari ilikuwa ikiviweka karantini vitabu vilivyorudishwa. Kuongeza rundo la kadi na kalamu kwenye kazi hiyo kungewaelemea wahudumu bila faida.

Kulikuwa na mjadala mrefu kuhusu choo. Jengo lilikuwa limefungwa kwa umma, na wengine katika uongozi walitaka libaki hivyo jioni hiyo pia. Idara ya watoto ilishikilia kwamba huwezi kumwalika mtoto mdogo akae garini saa moja na nusu, ukampa maji kwa sababu ya joto la Agosti, kisha ukamwambia hakuna pa kwenda. Uamuzi ukawa kufungua choo kimoja kilicho karibu na mlango, mtu mmoja kwa wakati mmoja, na mhudumu wa kusafisha baada ya kila matumizi. Injini zilitakiwa kuzimwa ili moshi usiwaingie majirani wa gari la pili, na madirisha kufunguliwa. Magari yaliachiana nafasi moja tupu, hivyo uwanja wenye nafasi zipatazo sitini ukabaki na thelathini za kutumika.

Uamuzi ulio kiini cha kisa hiki haukutokana na kikao. Fomu ya kujiandikisha ilikuwa mtandaoni, na ilimtaka mtu ajaze anwani ya baruapepe, aina ya gari na namba yake. Siku kama kumi kabla ya tukio, mama mmoja aliyefika kwa miguu kuchukua vitabu alimwuliza mhudumu wa dirishani, kwa Kiswahili na kwa ishara, kama wasio na gari wanaruhusiwa kusimama kando na kutazama. Mhudumu aliyapeleka maneno hayo kwa mratibu siku hiyohiyo. Mratibu angeweza kumwambia aombe lifti kwa jirani, jambo ambalo wakati wa janga lingeharibu kusudi zima la kukaa mbalimbali. Badala yake alibadilisha kipimo cha mpango: kilichogawiwa kikawa nafasi iliyochorwa kwenye lami, si gari. Nafasi tatu za mbele zilitengewa familia za miguu, kila moja ikiwa na viti, kivuli cha turubai na redio ndogo ya betri. Fomu iliondolewa sharti la namba ya gari, na mkalimani akarekodi ujumbe wa sauti kwa Kiswahili, akausambaza katika makundi ya WhatsApp ya makanisa na jumuiya.

Jioni yenyewe

Magari yalianza kuingia saa kumi na moja na nusu jioni. Wahudumu waliovaa vizibao vya kuakisi mwanga walielekeza magari makubwa safu za nyuma na madogo mbele, kisha wakakabidhi bahasha kupitia dirishani. Kwa kuwa jua la Agosti huko huzama karibu saa mbili usiku, projekta isingefaa. Namba za bingo ziliandikwa kwenye kadibodi kubwa nyeupe na kuinuliwa juu ya jukwaa. Katika mazoezi ya wiki hiyo jukwaa lilikuwa limewekwa upande wa magharibi, na waliokuwa ndani ya magari hawakuona chochote ila mwanga wa jua machoni. Lilihamishiwa kaskazini kabla ya wageni kufika, na hakuna aliyelalamika.

Familia tano zilifika kwa miguu, si tatu. Nafasi mbili zilitolewa haraka mwishoni mwa safu ya kwanza, ambako hakukuwa na turubai, na redio moja iliyoletwa huko ilikuwa na betri dhaifu, ikafifia katikati ya raundi ya pili ya bingo. Familia hiyo iliendelea kwa kutazama kadibodi.

Bingo ilikwenda vizuri kuliko mchezo mwingine wowote. Namba zilitajwa kwenye masafa yote mawili na kuonyeshwa, kwa hiyo hata aliyekosa kusikia aliona. Aliyeshinda alipaswa kutoa kadi ya kijani nje ya dirisha badala ya kupiga honi, kwa ajili ya makazi ya wazee yaliyo jirani, ambayo yalikuwa yameandikiwa barua mapema. Watoto walipiga honi hata hivyo. Wazee kadhaa walitoka kwenye baraza lao wakapunga mikono, na msimamizi wao aliomba baadaye kadi za bingo kwa ajili ya wakazi wake.

Mchezo wa pili ulikuwa wa kubahatisha sauti. Redio ilipiga sauti ya sufuria ikifunikwa, ya treni, ya mbuzi, ya maji yakimiminwa, na kila familia ikaandika jibu kwa lugha iliyotaka. Mbuzi alipolia, upande mmoja wa uwanja ulicheka kabla sauti haijamalizika.

Mchezo wa tatu ulikuwa chemshabongo, na hapo mambo yaliharibika. Maswali yalihusu besiboli, vipindi vya zamani vya televisheni na marais wa Marekani. Mkalimani alitafsiri matatu ya kwanza kwa uaminifu. Magari yaliyosikiliza masafa ya Kiswahili yalikaa kimya, hakuna kadi iliyotoka dirishani. Kwenye swali la nne aliacha kutafsiri, akasema kwenye kipaza sauti, «Kitendawili!» Kutoka kwenye madirisha yaliyofunguliwa likaja jibu la sauti nyingi, za wakubwa na wadogo: «Tega!» Akatega: «Nyumba yangu haina mlango.» Kadi za kijani zikatoka kwa pamoja. Mwendesha michezo wa Kiingereza, ambaye hakuwa na njia ya kusikia masafa ya pili, alizihesabu kama majibu ya swali la besiboli, akaandika alama.

Alipofuatisha kwa «Kuku wangu katagia miibani», kadi zikatoka tena, na msaidizi wa upande wa Kiingereza akagundua kuwa alama hazilingani na kitu chochote alichokuwa ameuliza. Mratibu alitembea haraka hadi kwenye hema, akasikiliza, kisha akaamua hapohapo: alama za chemshabongo zifutwe zote, na vitendawili viendelee kwenye masafa yote mawili, mkalimani akitega kwa Kiswahili na mwenzake akifasiri. Mtoto wa familia ya Kimarekani ndiye aliyetoa jibu la kwanza la Kiingereza, kwa kitendawili cha yai. Nanasi halikupata mtu upande huo, na akina mama wa safu ya kwanza walilieleza kwa mikono.

Shughuli ilifungwa saa moja na nusu usiku. Magari mawili ya zamani hayakuwaka, kwa sababu redio ilikuwa imemaliza betri huku injini ikiwa imezimwa, na mhudumu wa jengo aliyabusti kwa waya kutoka kwenye gari lake.

Matokeo

Nafasi nyingi za uwanja zilijaa. Wiki iliyofuata maombi ya kadi za uanachama yaliongezeka dirishani, mengi yakiwa ya wazazi ambao watoto wao tayari walikuwa wanachama, na mkalimani aliombwa na familia kadhaa kuendelea kutuma ujumbe wa sauti kila maktaba inapokuwa na jambo. Hapakuwa na ajali wala malalamiko ya majirani. Malalamiko yaliyopokelewa kwa maandishi yalikuwa ya familia mbili za Kiingereza zilizofutiwa alama za chemshabongo. Mratibu alizipigia simu na kuzipelekea vitabu.

Uchambuzi

Kugawa nafasi badala ya kukaribisha magari ndiko kulikoiokoa jioni hii isiwe ya wenye uwezo tu, na gharama yake ilikuwa viti, maturubai na redio chache. Katika miji mingi ya Marekani usafiri wa umma ni haba, na familia iliyowasili karibuni hukaa muda mrefu bila gari, au huwa na moja ambalo baba huenda nalo kazini zamu ya usiku. Hao ndio wanaoitegemea maktaba kuliko wengine. Jambo linaloniumiza katika kisa hiki ni kwamba ushahidi ulikuwa ukingoni mwa lami miezi minne mizima, mbele ya wahudumu walewale waliojua majina ya watoto, na hakukuwa na utaratibu wa kuyafikisha waliyoyaona kwa wapangaji. Swali la mama mmoja lilifanya kazi ambayo kikao cha dakika kumi na wahudumu wa dirishani kingeifanya mwezi Juni. Kwa kuwa mabadiliko yalikuja yamechelewa, makadirio ya nafasi tatu yalikuwa ya kukisia, na familia ya tano ililipia makisio hayo kwa kukaa juani na redio iliyozimika.

Fomu ya mtandaoni inastahili kutazamwa peke yake. Kila kipengele chake kilikuwa na sababu ya kiofisi, lakini kwa pamoja viliunda mlango mwembamba: baruapepe, namba ya gari, Kiingereza. Ujumbe wa sauti wa Kiswahili, uliopitia kwa watu wanaoaminiana, uliwafikia wengi ambao fomu isingewafikia kamwe.

Masafa mawili yalikuwa uamuzi mzuri uliofanyiwa kazi nusu. Gari lina redio moja. Katika gari moja la safu ya pili, mama alitaka Kiswahili na wanawe wakubwa walitaka Kiingereza. Baada ya kubadilishana kituo mara kadhaa, kijana alishusha dirisha lake akawa anasikiliza redio ya gari la jirani. Familia nyingi za wahamiaji zinaishi hivyo, lugha mbili chini ya paa moja, na mpango uliodhani kwamba kila gari lina lugha yake haukuziona. Bingo na mchezo wa sauti viliepuka tatizo hilo kwa kuwa havikutegemea lugha. Redio ndogo ya kuazima kwa kila gari la lugha mbili ingelimaliza kwa gharama ndogo, na ingezilinda pia betri za magari ya zamani.

Kuhusu chemshabongo, ni rahisi kusema kwamba mkalimani alivunja utaratibu, na wapo waliosema hivyo katika kikao cha tathmini. Mimi naona alifanya kazi aliyoitiwa. Alikuwa mtu pekee aliyeyaona magari yale yakinyamaza na kuelewa sababu, na alikuwa na kipaza sauti mkononi. Kosa la mpango lilikuwa kumpa maswali yaliyokwisha kuandikwa bila kumshirikisha katika kuyatunga, na kuwaacha waendesha michezo wawili pasipo njia ya kusikilizana. Vipokea sauti vya masikioni vya bei ndogo, kila mmoja akimsikia mwenzake kwa sikio moja, vingezuia mkanganyiko wa alama. Kwa upande mwingine, mratibu anastahili sifa kwa kutambua ndani ya dakika chache kwamba alama zinaweza kufutwa lakini sauti zile za «Tega!» hazikupaswa kuzimwa, na kwa kuwapigia simu walioudhika kabla hawajaandika mara ya pili.

Wazo la kurusha michezo moja kwa moja kwenye intaneti kwa walio nyumbani lilikataliwa mapema, na kwa haki. Matangazo ya namna hiyo huchelewa sekunde kadhaa au zaidi, na katika bingo, ambapo wa kwanza kukamilisha ndiye mshindi, aliye nyumbani angeshindwa hata kama kadi yake ilitangulia.

Maktaba ilirudia michezo Oktoba, ikiwa na nafasi kumi za miguu, vitendawili vilivyotungwa na wazazi, na redio za kuazima. Baridi ilipoingia, viti vya nje havikufaa tena, na kuendelea na magari peke yake kungezifungia nje familia zilezile. Kuanzia Novemba uwanja uliachwa. Bahasha za michezo zilichukuliwa dirishani, na Jumamosi jioni bingo ikachezwa kwa mkutano wa simu wa kawaida, wenye namba mbili za kupiga, moja ya Kiingereza na moja ya Kiswahili.